Je, Wajua? Mvua ya Gachoka Haipimwi kwa Milimita Peke Yake

Gachoka ni mji mdogo wa kaunti ya Embu, kando ya barabara inayoshuka kutoka mji wa Embu kuelekea Kiritiri. Mgeni akiitazama ramani anaona ikweta iko karibu, Mlima Kenya uko upande mmoja na mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, uko upande mwingine. Anaamua papo hapo kwamba hii ni nchi ya mvua mwaka mzima. Mkulima wa Mbeere, eneo ilipo Gachoka, akisikia hivyo atacheka. Mvua ipo, na ikija huja kwa kishindo, lakini ina misimu yake, upendeleo wake na hila zake. Haya hapa mambo ambayo pengine hukuyajua kuhusu mvua ya Gachoka na jirani zake.

Jua hupita utosini mara mbili, na mvua hulifuata

Gachoka iko chini kidogo tu ya ikweta. Kwa sababu hiyo jua la adhuhuri husimama juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Machi na tena karibu na tarehe 23 Septemba. Joto la jua hilo huinua hewa, na pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kuunda ukanda wa mawingu mazito unaoizunguka dunia. Ukanda huo hulifuata jua, ila hukawia wiki kadhaa nyuma yake. Ndiyo maana masika huanza mwishoni mwa Machi na kufika kilele Aprili, na vuli huanza Oktoba na kufika kilele Novemba. Kati ya misimu hiyo kuna viangazi viwili: kimoja cha joto kali, Januari na Februari, na kimoja cha baridi, Juni hadi Septemba.

Mvua "fupi" ndiyo inayolisha watu

Wakenya huiita masika "mvua ndefu" na vuli "mvua fupi". Mtu angetarajia kwamba ndefu ndiyo tegemeo. Magharibi ya Bonde la Ufa ni kweli, lakini Mbeere, Tharaka na Ukambani mambo ni kinyume. Huku mashariki ni vuli inayoaminika zaidi, na wakulima wengi huweka matumaini yao makubwa katika shamba la Oktoba kuliko la Machi. Masika yanaweza kunyesha kwa nguvu wiki tatu, kisha yakakatika mahindi yakiwa yanatoa ndevu.

Vuli ina sifa nyingine inayowafurahisha wataalamu: hutabirika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa inafuata kwa karibu hali ya joto la bahari kuu. Masika hayana bwana mmoja wa kuyaongoza, na hadi leo yanawasumbua watabiri.

Kaunti moja, hali za hewa kama nchi nzima

Kaunti ya Embu inaanza mita 515 hivi juu ya usawa wa bahari kwenye bonde la Tana na kuishia mita 5,199 kwenye kilele cha Mlima Kenya. Takwimu za kaunti zinaonyesha kwamba mvua ya mwaka hutofautiana kutoka milimita 640 katika sehemu kavu hadi 1,495 katika sehemu za juu zinazokaliwa.

Mwaka 1983 Wajerumani wawili, Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt, walichapisha kwa ajili ya Wizara ya Kilimo mwongozo ulioigawa Kenya katika kanda za kilimo kwa kufuata joto na mvua. Ukishuka Embu kwa gari unazipita karibu zote: ukanda wa chai na ng'ombe wa maziwa chini ya msitu, kisha kahawa, kisha kahawa ya kubahatisha, kisha pamba, na mwisho kabisa mifugo na mtama karibu na Tana. Gachoka iko upande wa chini wa ngazi hiyo. Watu wawili wanaoweza kukutana soko moja siku moja huenda mmoja analalamika kwamba matope yamezuia lori la majani chai, na mwingine kwamba kunde zimekauka.

Mlima una upendeleo

Mlima Kenya haunyeshei pande zake zote sawasawa. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo hugonga kwanza miteremko ya mashariki na kusini-mashariki, iliyo upande wa Embu, Chuka na Meru. Hewa hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Huko juu msituni hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Pepo zikivuka upande wa pili, kuelekea Nanyuki na nyanda za Laikipia, zimekwisha kutua mzigo na nchi inakuwa kavu.

Gachoka iko upande uliopendelewa, lakini imekaa mbali na ukuta. Hewa hupita juu yake ikiwa bado haijalazimishwa kupanda vya kutosha. Mara nyingi mkazi wa Gachoka husimama uani mwake jioni na kuona mlima umefunikwa mawingu meusi, mvua ikinyesha Embu na Runyenjes, na kwake hakuna hata tone.

Baridi ya Julai haina mvua, lakini upepo wake unainywesha India

Miezi ya Juni hadi Agosti kuna mawingu, manyunyu huko juu na baridi ya kuwavalisha watu makoti. Mvua ya kuotesha mbegu Gachoka haipo. Unyevu umekwenda wapi?

Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa Mwingereza, J. Findlater, alieleza mkondo mkali wa upepo unaotoka kusini mwa Bahari ya Hindi, ukapita karibu na Madagaska, ukavuka ikweta juu ya nyanda za mashariki mwa Kenya, kisha ukakata kona juu ya Somalia kuelekea Bahari ya Arabia. Kitovu chake kiko takriban kilomita moja na nusu tu juu ya bahari. Ndio upepo wa kusi ambao mabaharia wa pwani waliutumia kwa karne nyingi. Ukifika India unaleta masika yao makubwa. Njiani, huko Salalah kusini mwa Oman, hugeuza milima ya Dhofar kuwa kijani na ukungu wakati sehemu nyingine za Uarabuni zinaungua. Kwa hiyo katika miezi ambayo Mbeere inakauka, upepo uliopita mashariki yake unawalowesha watu ng'ambo ya bahari.

Ikweta ya Afrika Mashariki ni ya ajabu duniani

Fuata mstari wa ikweta kuizunguka dunia. Amazoni ni msitu wa mvua. Kongo ni msitu wa mvua. Indonesia vilevile. Ukifika mashariki mwa Kenya unakuta miiba, mibuyu na mbuzi.

Sababu ni kadhaa. Pepo za hapa hupuliza sambamba na pwani kwa muda mrefu badala ya kuingia moja kwa moja bara. Tena kuna pengo kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, ambalo hufanya upepo upite kwa kasi na kubeba unyevu kwenda magharibi. Upepo huo, uitwao wa Turkana, ulielezwa mwaka 1982 na J. H. Kinuthia na G. C. Asnani. Leo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310. Na mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mabonde yanayokata nyanda za juu za Afrika Mashariki kutoka mashariki kwenda magharibi hupitisha unyevu hadi bonde la Kongo. Kwa maneno mengine, sehemu ya mvua ya Kongo ilipita kwetu bila kubisha hodi.

Anayeamua vuli yuko mbali: bahari kati ya Mombasa na Sumatra

Mwaka 1999 watafiti waliofanya kazi Japani, wakiongozwa na N. H. Saji, walieleza tabia ya Bahari ya Hindi ya kuelemea upande. Miaka mingine maji ya upande wetu hupata joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia hupoa. Hapo mawingu huhamia kwetu na vuli hufurika. Miaka mingine bahari huelemea kinyume, na mvua hubaki Indonesia na Australia.

Wazee wanaukumbuka mwaka 1961, ambao mvua yake ilichangia kulipandisha Ziwa Viktoria zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Kisha 1997, 2019 na 2023. Mwaka 1997 kulikuwa pia na El Niño katika Bahari ya Pasifiki, na tangu hapo Mkenya huita kila mvua kubwa "Elnino". Lakini 1961 na 2019 zinafundisha somo tofauti: mafuriko makubwa yanaweza kuja bila El Niño yenye nguvu, ikiwa Bahari ya Hindi yenyewe imeelemea upande wetu.

Vuli ya 2019 ilileta na jambo jingine. Ardhi yenye unyevu na majani mabichi iliwapa nzige wa jangwani mahali pa kula na kutaga. Makundi yaliingia Kenya kutoka kaskazini mwishoni mwa Desemba 2019, na mwanzoni mwa 2020 yalikuwa yamefika maeneo ya Meru.

Kimbunga cha Msumbiji huweza kuiba mvua ya Mbeere

Machi 2019 kimbunga Idai kiliivamia Beira. Wakati huohuo wakulima wa Kenya walikuwa wakitazama mbingu tupu. Vimbunga vikiwa katika mlango wa Msumbiji, au vikikaa vibaya karibu na Madagaska, huvuta hewa yenye unyevu kuelekea kwao, na masika ya Kenya huchelewa. Mwaka uliotangulia, 2018, vimbunga vilikuwa upande wa mashariki wa Madagaska. Vilisaidia kuvuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo kuja Kenya, na masika yale yakawa miongoni mwa yenye mvua nyingi sana. Kwa hiyo habari ya kimbunga baharini mwezi wa Machi si ya Wasumbiji peke yao. Aliyekwisha kununua mbegu Gachoka naye inamhusu.

Misimu mitano mfululizo ilikosa, kisha mvua ikapita kiasi

Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, pamoja na mashariki na kaskazini mwa Kenya. Haikuwa imewahi kuonekana hivyo kwa miaka 40 ya kumbukumbu. Chanzo kikubwa kilikuwa La Niña, kinyume cha El Niño, iliyorudi miaka mitatu mfululizo, pamoja na bahari yenye joto jingi upande wa mbali wa magharibi ya Pasifiki.

Vuli ya 2023 ikaleta mafuriko. Masika ya 2024 yakaleta mengine, na watu wakapoteza maisha katika kaunti nyingi. Mtu akijumlisha miaka hiyo yote na kugawanya, atapata wastani unaoonekana mzuri sana kwenye karatasi. Hakuna mtu aliyevuna wastani huo.

Nyota saba ziliwahi kuwa kalenda ya mkulima

Kabla ya redio, watu walisoma mbingu. Waswahili walilitazama kundi la nyota liitwalo Kilimia na kusema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi hilo hupotea katika mwanga wa machweo kuelekea mwanzo wa Mei, hujificha nyuma ya jua majuma kadhaa, kisha huonekana tena alfajiri mwezi wa Juni. Novemba huchomoza jua linapotua na kukesha usiku kucha. Kwa mahali ambapo kilele cha masika ni Aprili na cha vuli ni Novemba, si saa mbaya ya kupangia shamba.

Mbeere nako wazee walikuwa na vichaka vitakatifu walikoomba mvua na kutoa sadaka. Hakuna aliyethubutu kukata mti humo. Bernard Riley na David Brokensha, walioandika vitabu viwili kuhusu mazingira na mimea ya Mbeere mwaka 1988, walivitaja vichaka hivyo. Ombi la mvua, hata kwa asiyeliamini, liliacha faida moja inayoonekana: miti ya kienyeji iliyosalia pale ambapo kwingine ilikwisha kuwa makaa.

Harufu ya mvua ya kwanza hutoka kwa viumbe wadogo

Tone la kwanza likigusa vumbi la Oktoba, kila mtu huinua pua. Waaustralia wawili, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliichunguza harufu hiyo na kuipa jina la kisayansi mwaka 1964. Sehemu yake kubwa ni jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria waishio udongoni. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa ni sehemu chache tu katika trilioni moja za hewa. Mwaka 2015 wanasayansi wa chuo cha MIT nchini Marekani walipiga picha za kasi kubwa na kuonyesha jinsi inavyopaa: tone linapotua hunasa hewa chini yake, viputo hupanda na kupasuka juu, na kurusha chembechembe hewani. Manyunyu hurusha nyingi kuliko mvua ya kumwaga, na ndiyo maana harufu hutangulia dhoruba.

Siri ya wanaopanda kabla ya mvua iligunduliwa Muguga

Wakulima wengi wa nchi kavu hupanda udongo ukiwa bado vumbi, mvua iwakute tayari. Mgeni huona ni kamari. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa katika kituo cha Muguga karibu na Kikuyu, alieleza jambo linalowapa haki. Udongo uliokauka sana ukilowa ghafla, viumbe wadogo waliomo huamka kwa pupa, huozesha mboji na kuachia naitrojeni nyingi katika siku za mwanzo. Mbegu iliyokwisha kuwa ardhini hupata chakula hicho. Ile inayopandwa wiki mbili baadaye hukuta maji yamekwisha kukiosha. Leo wanasayansi duniani kote hulitaja jambo hilo kwa jina la Birch.

Hatari yake ni mvua ya uongo: siku mbili za maji mwanzoni mwa Oktoba, kisha jua la wiki tatu. Mbegu huota na kufa, na mkulima hurudi dukani.

Ndengu hushindana na kalenda, na kalenda hushindwa

Mahindi ya H614, yaliyotengenezwa kwa ajili ya nyanda za juu kama Kitale, hukaa shambani zaidi ya nusu mwaka. Gachoka hakuna msimu wa urefu huo. Ndiyo sababu kituo cha Katumani, Machakos, kilitoa katika miaka ya 1960 mahindi mafupi ya kukimbia ukame, yanayokomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Mahindi hayo hayavumilii kiu kupita mengine. Ujanja wake ni kumaliza kazi mapema.

Bingwa wa mbio hizo ni ndengu. Aina inayojulikana sokoni kama "nailoni" huwa tayari kwa siku 60 hadi 70 hivi. Mtama, wimbi, kunde na mbaazi hufuata, kila kimoja kwa mbinu yake. Mtama hukunja majani na kungoja, na ukipata tone unaendelea. Mbaazi huteremsha mzizi mrefu na kuvuka msimu mmoja hadi mwingine.

Muguka hupanda bei mvua ikikosa

Zao linaloleta pesa nyingi Mbeere leo ni muguka, jamaa wa miraa ya Meru. Mti wake huvumilia ukame, na majani huchumwa mara kwa mara. Mvua ikinyesha majani huwa tele na bei hushuka. Kiangazi majani huadimika na bei hupanda, hivyo mwenye maji ya kumwagilia Februari hucheka peke yake. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kuipiga marufuku, mjadala wa nchi nzima ukahamia zao hili la Mbeere.

Umeme wa Nairobi hutegemea mawingu ya huku

Mto Thiba, unaotoka Mlima Kenya, hupita Mbeere Kusini na kuingia bwawa la Kamburu. Kwenye mpaka wa eneo hili mto Tana umezuiwa mara tano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilitangulia mwaka 1968, Kiambere likafunga orodha 1988. Gitaru, lenye megawati 225, ndicho kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini, na vyote vitano kwa pamoja vina uwezo wa takriban megawati 600. Masinga, la mwaka 1981, lilijengwa hasa kama ghala: linaweza kuhifadhi mita za ujazo bilioni 1.56, likingoja kiangazi.

Ghala likijaa pomoni wakati wa masika, maji hufurika na kuteremka hadi Garissa na kaunti ya Tana River, ambako huenda hakujanyesha hata kidogo. Na kando ya mabwawa hayohayo wako watu wa Mbeere wanaotazama ziwa zima la maji na bado hungoja mawingu kumwagilia mahindi yao.

Milimita moja ni lita moja

Kila milimita ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyumba ya mabati yenye paa la mita 10 kwa 6 ikipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,200. Hata ukipoteza moja ya tano, unabaki na mitungi 48 ya lita 20 kwa jioni moja. Mahali penye milimita 800 kwa mwaka, paa hilo linaweza kukupa zaidi ya lita 38,000. Nyumba nyingi huziacha zitiririke uani zikichimba korongo.

Shambani hesabu ni kubwa zaidi. Milimita 25 kwenye ekari moja ni takriban lita 101,000, yaani zaidi ya mitungi 5,000. Kuyazuia yasikimbie na udongo, wakulima wa Ukambani na Mbeere huchimba mtaro kufuata kontua na kutupa udongo upande wa juu. Vitabu vya kilimo kote ulimwenguni huita matuta hayo kwa Kiswahili: fanya juu.

Siku ya mvua huanza saa tatu asubuhi

Wenye vipimamvua nchini Kenya husoma kila siku saa tatu asubuhi. Mvua iliyonyesha jana jioni na ya leo alfajiri huhesabiwa pamoja. Kazi hii ni ya kale: katika miaka ya 1440, Korea chini ya Mfalme Sejong ilisambaza vipimamvua vya ukubwa mmoja katika wilaya zake ili kukadiria mavuno na kodi.

"Asilimia 45" si ahadi ya mvua

Kabla ya kila msimu, kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya kikanda ya IGAD kilichoko Kenya, ICPAC, hukutanisha wataalamu wa nchi za ukanda huu. Mikutano hiyo ilianza mwaka 1998. Baadaye Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa kila eneo.

Utabiri husema, kwa mfano, kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kupita kawaida. Wengi hudhani idara imekiri kwamba haijui. Maana yake ni hii: misimu imegawanywa mafungu matatu, ya mvua chache, ya kawaida na ya nyingi. Bila habari yoyote kila fungu lingekuwa na asilimia 33. Likifika 45, mizani imeelemea wazi, ingawa haijaanguka. Mwenye busara hapandi zao moja kwa kuamini namba hiyo, wala haipuuzi. Hugawanya shamba: sehemu ndengu, sehemu mahindi mafupi, sehemu mtama.

Neno kwa msomaji

Ukisikia Gachoka inapata milimita kadhaa kwa mwaka, uliza maswali matatu zaidi: zilinyesha msimu gani, kwa siku ngapi, na zilikatika lini? Mvua nyingi ya wiki mbili humshinda mkulima, na mvua kidogo iliyogawanyika vizuri humvusha. Nunua kipimamvua cha plastiki, kisimike mahali pasipo na kivuli cha mti wala paa, na uandike namba daftarini kila saa tatu asubuhi. Funga mfereji na tangi chini ya mabati yako kabla ya Oktoba. Daftari hilo na tangi hilo vitakusaidia kuliko wastani wowote ulioandikwa na mtu asiyewahi kupanda Mbeere.